Sikio Hutangulia Jicho: Kazi ya Muziki katika Filamu na Tamthilia

Mtu anayetazama filamu huamini kwamba anahukumu kwa macho yake: huyu ni mwovu kwa jinsi alivyokunja uso, yule anastahili huruma kwa kuwa machozi yanamlengalenga, na nyumba ile inatisha kwa sababu imesimama kilimani peke yake gizani. Imani hiyo ni nusu tu ya ukweli, kwani sehemu kubwa ya hukumu hizo hupitishwa kwanza na sikio, kisha jicho hufuata nyuma likitafuta ushahidi. Mwaka 1988 watafiti Sandra Marshall na Annabel Cohen walichukua filamu fupi iliyotengenezwa mwaka 1944 na wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel, filamu isiyo na mtu wala mnyama ndani yake, bali pembetatu kubwa, pembetatu ndogo na duara zinazozungukazunguka na kuingia na kutoka katika umbo la mstatili. Waliwaonesha watazamaji picha zilezile huku wakibadilisha muziki tu, na hukumu zikabadilika: maumbo yaleyale, yakienda mwendo uleule, yalionekana kuwa na tabia tofauti kulingana na muziki ulioyasindikiza. Ikiwa muziki unaweza kuipa tabia pembetatu, basi haishangazi kwamba unaweza kumpa mwigizaji dhamira ambayo uso wake haukuionesha hata kidogo.

Wachambuzi wa filamu hugawa muziki katika aina mbili, na mgawanyo huo unafaa kushikwa mapema kwa sababu mengi yanayofuata yanautegemea. Muziki wa ndani ya hadithi ni ule ambao wahusika wenyewe wanausikia, kama vile redio iliyowashwa dukani, bendi inayopiga harusini, au wimbo ambao mama anambembelezea mtoto. Muziki wa nje ya hadithi ni ule unaosikiwa na mtazamaji peke yake, huku wahusika wakiendelea na shughuli zao bila kujua kwamba okestra nzima inawazungumzia. Aina hii ya pili ina mamlaka makubwa, kwa kuwa inashika nafasi ambayo katika riwaya hushikwa na msimulizi ajuaye yote. Tofauti ni kwamba msimulizi wa riwaya hutumia maneno, na maneno yanaweza kupingwa, ilhali muziki hausemi neno lolote, na jambo lisilosemwa kwa maneno ni gumu kulikanusha.

Hata katika enzi ya filamu bubu, yaani zile ambazo hazikuwa na sauti iliyorekodiwa, ukumbi wa sinema haukuwa mahali pa ukimya. Mpiga piano, na katika majumba makubwa okestra kamili, alipiga sambamba na picha, na wachapishaji walitoa vitabu vya muziki vilivyopangwa kwa hisia na matukio ili mpigaji apate haraka kile alichokihitaji. Kitabu mashuhuri cha aina hiyo, cha Ernö Rapée, kilichochapishwa New York mwaka 1924, kiliweka faharasa ya hisia hizo pembeni mwa kurasa zake ili mkono usipoteze muda. Sauti iliporekodiwa pamoja na picha mwishoni mwa miaka ya 1920, watengenezaji wengi wa filamu walisita kuweka muziki usio na chanzo kinachoonekana, wakihofu kwamba mtazamaji angejiuliza unatoka wapi. Hofu hiyo ilipungua sana mwaka 1933, Max Steiner alipoiandikia King Kong muziki wa okestra uliompa uzito, hasira na hata huzuni sokwe aliyekuwa kikaragosi cha chuma, mpira na manyoya ya sungura. Hakuna mtazamaji aliyeuliza okestra ilikuwa imejificha wapi katika kisiwa cha sokwe huyo.

Hata hivyo, filamu inayofundisha mengi zaidi juu ya nguvu hii ni Psycho ya Alfred Hitchcock, iliyotoka mwaka 1960. Hitchcock aliitengeneza kwa bajeti ndogo, kwa picha nyeusi na nyeupe, akitumia kwa kiasi kikubwa wafanyakazi wa kipindi chake cha televisheni. Mtunzi wa muziki alikuwa Bernard Herrmann, mzaliwa wa New York wa mwaka 1911, ambaye kazi yake ya kwanza ya filamu ilikuwa Citizen Kane ya mwaka 1941. Kwa Psycho, Herrmann alijifunga mwenyewe kwa makusudi: aliacha tarumbeta, akaacha filimbi, akaacha ngoma zote, akabaki na ala za nyuzi peke yake, yaani fidla, viola, selo na besi, kwa maelezo kwamba picha isiyo na rangi inastahili sauti isiyo na rangi. Uamuzi huo ulikuwa na ujasiri kuliko unavyoonekana leo, kwa sababu Hollywood ilikuwa imezoea kuzitumia ala za nyuzi kwa mapenzi na machozi. Masikio ya hadhira yalikuwa yamefunzwa kwa miaka thelathini kwamba fidla nyingi zikipigwa pamoja, wapendanao wanakaribia kukumbatiana. Ala zilezile zilizobeba mapenzi zikatumwa kubeba hofu, na mtazamaji akakosa pa kujikinga.

Inafaa kulitazama kwa karibu tukio moja ambalo si maarufu kama lile la mauaji ya bafuni, lakini linaeleza zaidi. Marion Crane, karani wa ofisi mjini Phoenix, Arizona, anayeigizwa na Janet Leigh, ameiba dola 40,000 ambazo mwajiri wake alimtuma azipeleke benki, na sasa anaendesha gari kwenda California kwa mpenzi wake. Kinachoonekana ni uso wa mwanamke nyuma ya usukani, taa za magari yanayokuja, kisha mvua na waipa zinazokwenda huku na huku. Kinachosikika kwa maneno ni sauti za watu anaowawazia kuwa wamekwisha kugundua wizi. Mtu akiuondoa muziki, anabaki na mwenye gari aliyechoka, anayejutia kosa lake usiku wa mvua. Herrmann aliurudisha hapo muziki uleule uliofungua filamu wakati majina ya washiriki yakipita, muziki wa mapigo mafupi, makavu, yanayojirudiarudia bila kufikia mahali pa kupumzika, na kwa hiyo safari isiyo na hatari yoyote machoni ikajaa hatari. Jambo la kushangaza ni kwamba muziki huo haumhusu polisi wala mwajiri, ambao ndio Marion anaowaogopa. Unahusu moteli iliyo mbele yake, ambamo atauawa bafuni, na ambayo yeye bado hajui hata kuwa ipo. Muziki unajua, Marion hajui, na mtazamaji amewekwa katikati yao, akiwa na ujuzi asioweza kuutaja wala kuupeleka kwa mhusika anayeuhitaji. Huko ndiko kuijenga taharuki, yaani ile hali ya kungoja jambo baya kwa roho iliyoning'inia, na imejengwa bila kuongezwa hata picha moja.

Kwa tukio la bafuni, Hitchcock alikuwa ameagiza kusiwe na muziki wowote, isikike sauti ya maji na mayowe tu. Herrmann aliandika muziki hata hivyo, na mwongozaji alipousikia pamoja na picha aliubatilisha uamuzi wake mwenyewe. Katika sehemu nyingine zote za filamu wapigaji walikuwa wamefunga vibanio kwenye ala zao, ambavyo ni vifaa vidogo vinavyopunguza ukali wa mlio, lakini kwa tukio hili vibanio viliondolewa, na fidla zikapigwa juu kabisa, kwa nguvu, kila pigo likianza na mkwaruzo. Kamera karibu haioneshi kabisa kisu kikiingia mwilini. Picha hukatwa haraka kutoka mkono hadi uso, kutoka uso hadi pazia. Wengi wanaoamini kwamba walikiona kisu kikichoma, kwa hakika walikisikia. Hitchcock anaripotiwa kukiri kwamba theluthi ya athari ya filamu hiyo ilitokana na muziki, kauli nzito kwa mwongozaji aliyekuwa mchoyo wa kugawana sifa, lakini muziki huo haukupata hata uteuzi wa tuzo za Oscar.

Kwa nini mlio wa aina hiyo humwingia mtu mwilini kabla hajapata nafasi ya kufikiri? Sehemu ya jibu ilitoka kwa mtaalamu wa tabia za wanyama, Daniel Blumstein wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambaye kwa miaka mingi amewachunguza mamoti, wanyama wa milimani wa jamii ya kindi, na mayowe wanayopiga wanapokamatwa. Mayowe ya mnyama aliyeshikwa na hofu huvuka uwezo wa koo lake, kwa hiyo sauti hupasuka, huruka ghafla kutoka kiwango kimoja hadi kingine, na huchanganyika na kelele. Mwaka 2010 Blumstein na wenzake walichapisha uchunguzi wa sauti za filamu mashuhuri zipatazo mia moja, wakaona kwamba sauti za namna hiyo hazitumiwi kiholela, bali hugawanywa kulingana na aina ya filamu na hisia inayotafutwa, za kutisha zikiwa na mayowe na mikwaruzo kwa wingi. Herrmann, kwa sikio lake peke yake, alikuwa amezifanya fidla zivuke uwezo wa koo zao nusu karne kabla ya uchunguzi huo.

Lakini ingekuwa kosa kuufanya muziki wa filamu kuwa jambo la neva na misuli tu, kwa sababu nguvu yake ya kudumu hutokana na kumbukumbu. Watunzi hutumia motifu, yaani kipande kifupi cha lahani kinachofungamanishwa na mhusika, mahali au wazo, ambacho kila kinaporudi huleta pamoja nacho yote yaliyotokea kiliposikika mwanzo. Njia hiyo ilikomazwa na mtunzi wa opera wa Ujerumani, Richard Wagner, katika karne ya 19. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Jaws ya Steven Spielberg ya mwaka 1975, ambayo John Williams aliiandikia motifu ya nota mbili zilizo jirani, zikipigwa na ala nzito za sauti ya chini, taratibu kwanza, kisha kwa kasi inayoongezeka. Papa wa mashine aliyetengenezwa kwa filamu hiyo aliharibikaharibika katika maji ya chumvi, hivyo muziki ukalazimika kuwa papa badala yake, na zaidi ya saa moja inapita kabla mnyama mwenyewe hajaonekana vizuri.

Ufundi wenyewe, hata hivyo, hauko katika nota mbili, uko katika uaminifu. Watoto wawili wanapowatisha waogeleaji kwa pezi la bandia, ufuo mzima unakimbia ovyo, lakini muziki hausikiki, na mtazamaji makini anaweza kujua kwamba hakuna papa. Kwa kufanya hivyo Williams na Spielberg wanamfundisha mtazamaji kuuamini muziki: ukisikika, hatari ipo, usiposikika, pako salama. Kisha, mkuu wa polisi anapotupa chambo baharini kutoka kwenye mashua huku akilalamika, papa anachomoza kinywa wazi bila nota hata moja kutangulia. Mshtuko wa hapo hautokani na meno. Unatokana na kuvunjwa kwa ahadi ambayo filamu ilikuwa imeitunza kwa zaidi ya saa moja. Kwa kipimo hicho, kunyamaza ni sehemu ya utunzi, na mtunzi asiyejua kunyamaza amejinyima silaha yake kubwa. Hitchcock na Herrmann walikuwa wamelijua hilo pia, kwani The Birds ya mwaka 1963 haina kabisa muziki wa nje ya hadithi. Walitumia sauti za ndege zilizotengenezwa kwa mitambo ya kielektroniki na Oskar Sala, huku Herrmann akiwa mshauri wa sauti.

Televisheni ina muda ambao filamu haina, na muda huo unamwezesha mtunzi kuweka akiba. Katika Game of Thrones, Ramin Djawadi alikaa misimu mitano na zaidi bila kuitumia piano, akitegemea selo, ngoma na sauti za waimbaji. Katika sehemu ya mwisho ya msimu wa 6, iliyooneshwa Juni 2016, wahusika wanaonekana wakivaa nguo kwa ajili ya kwenda kwenye kesi, jambo la kawaida kabisa, na piano inaanza kugonga nota chache polepole. Mtazamaji ambaye hajui lolote kuhusu ala za muziki aliweza kuhisi kwamba kuna kitu kimehama, kwa kuwa masikio yake yalikuwa yameishi na tamthilia hiyo kwa miaka bila sauti ile, na kwa karibu dakika kumi muziki ukaendelea kukua hadi hekalu likalipuliwa na moto wa kijani. Hakuna filamu ya saa mbili inayoweza kukopa mshtuko wa namna hiyo, kwa sababu haina miaka ya kuuwekea akiba.

Kuna swali ambalo vitabu vingi vya Ulaya na Marekani hulipita juujuu, nalo ni iwapo hisia hizi ni za watu wote. Mayowe huenda ni ya wote, lakini huzuni ya lahani hujifunzwa, na kila jamii ina ala zinazolia kwa niaba yake. Satyajit Ray alipoitengeneza Pather Panchali, filamu yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1955, alimwomba Ravi Shankar aandike muziki, na kwa kuwa Shankar alikuwa na safari nyingi za maonesho, sehemu kubwa ilirekodiwa katika usiku mmoja mrefu. Harihar, baba aliyekwenda mbali kutafuta riziki, anarudi kijijini Bengali na zawadi, asijue kwamba binti yake Durga amekufa kwa homa wakati wa masika. Anatoa sari aliyomletea binti huyo na kumpa mkewe Sarbajaya, ambaye mpaka wakati huo hajalia. Mama anaishika, uso unamvunjika, kinywa kinafunguka, na badala ya kilio chake kinachosikika ni tar shehnai, ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde na kutoa sauti kali kama ya zumari. Sauti ya mwigizaji imeondolewa kabisa. Ray alitambua kwamba kilio cha mtu mmoja kingekuwa msiba wa mtu mmoja, na tukio hilo linastahili kuhesabiwa miongoni mwa matukio makuu ya sinema yote, si kwa ukali wake, bali kwa heshima liliyompa mama huyo.

Wakazi wa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa hawahitaji kuthibitishiwa kwamba muziki wa filamu za Kihindi unaweza kuvuka lugha. Kwa miongo kadhaa filamu hizo zilijaza kumbi za sinema za pwani, na Awaara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 ni miongoni mwa zile zilizopendwa mno, ingawa sehemu kubwa ya hadhira haikujua Kihindi; nyimbo ndizo zilizobeba mapenzi, uchungu wa kutengana na aibu ya ufukara. Wimbo katika filamu hizo husimama mahali pa ajabu kati ya ndani na nje ya hadithi, kwa sababu mhusika anauimba mwenyewe lakini okestra inayomsindikiza haionekani popote, na msikilizaji wa pwani, aliyezoea kukaa na kuusikiliza wimbo wa taarab hadi mwisho bila haraka, hakuona kasoro yoyote katika hilo. Lahani hizo hazikubaki ukumbini. Juma Bhalo wa Mombasa aliimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi, na kwa njia hiyo hisia iliyotungwa kwa ajili ya skrini ya Bombay ikaingia harusini Mvita ikiwa imevaa kanga.

Safari kama hiyo inaendelea katika tamthilia zinazoingizwa sauti za Kiswahili. Kazi inapouzwa kwa ajili ya kuingiziwa sauti za lugha nyingine, kwa kawaida hutolewa na mkondo wa sauti wenye muziki na milio mingine bila mazungumzo, ili waigizaji wa lugha mpya waweke maneno yao juu yake. Hivyo tamthilia ya Kichina kuhusu Mao Doudou na mama wakwe zake, iliyooneshwa na TBC mwaka 2011, iliwafikia Watanzania kwa maneno ya Kiswahili, huku utani wa mkwe na mkamwana ukibadilishwa ili ueleweke nyumbani. Kwa utaratibu huo muziki ndio unaosafiri bila kutafsiriwa. Watafsiri wa vibanda vya video, kama DJ Afro wa Kenya, wana kazi ngumu zaidi, kwa kuwa wao huzungumza juu ya filamu nzima, muziki ukiwemo, na hivyo hulazimika kuijenga taharuki upya kwa kasi, mnong'ono na kelele za sauti zao wenyewe. Ufundi huo bado haujapewa uchambuzi unaostahili.

Kwa upande wa kazi zinazotengenezwa Afrika Mashariki, udhaifu mkubwa si uhaba wa wanamuziki, bali ni wingi wa muziki. Katika tamthilia nyingi kinanda cha kielektroniki huanza pamoja na tukio na hakinyamazi mpaka tukio limekwisha, kikiomboleza hata pale wahusika wanapojadiliana bei ya nyanya, na matokeo yake ni kwamba msiba wa kweli unapofika, sikio limekwisha kuchoka na halina cha kutofautisha. Chanzo chake ni utaratibu wa kazi. Mahali ambapo kazi hupangwa vizuri, mwongozaji na mtunzi huitazama pamoja filamu iliyohaririwa, wakikubaliana muziki uingie sekunde gani, utoke wapi na kwa sababu gani. Penye bajeti finyu, muziki hutafutwa fedha zikiwa zimekwisha, tena mara nyingi katika hazina za muziki uliokwisha rekodiwa ambao haukuandikwa kwa ajili ya hadithi yoyote. Ennio Morricone aliutunga muziki mkuu wa Once Upon a Time in the West ya mwaka 1968 kabla ya upigaji picha, na Sergio Leone akaupiga mbele ya waigizaji wakiigiza, ilhali dakika za mwanzo za filamu hiyohiyo hazina muziki kabisa, ila mlio wa kinu cha upepo, tone la maji juu ya kofia na nzi anayevuma.

Pale mtengenezaji anapoufikiria muziki tangu mwanzo, tofauti husikika. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi kuhusu Zanzibar ya miaka ya mwisho ya ukoloni, imeipa taarab nafasi ndani ya hadithi, na mwimbaji Siti Amina ni miongoni mwa waigizaji wake. Kwa mtazamaji wa pwani, ala za kanuni na fidla humtajia mahali na zama bila kuhitaji maandishi kwenye skrini. Hiyo ni nusu ya kazi, na bado kuna nusu nyingine ambayo karibu haijaguswa, yaani kuzitoa ala za nyumbani nje ya hadithi na kuziachia zisimulie. Ilimba ya Wagogo ina mvumo unaoweza kubeba wasiwasi wa mtu aliyekaa peke yake ofisini Dodoma, na nyatiti ya Wajaluo ina mapigo yanayoweza kuendesha gari usiku kwa nguvu ileile ya fidla za Herrmann, lakini mpaka sasa ala hizi huitwa zaidi pale kamera inapoonesha kijiji, mzee au ngoma.